Mnyororo wa Sudoku ukikatika katikati

Swali: Nimefuata mnyororo wa 7 (msururu wa vyumba vinavyoweza kubeba 7, kila kimoja kikiathiri kinachofuata) kupitia M2W3, M2W8, M6W8 hadi M6W1 (M ni mlalo, W ni wima), nikafuta 7 kati ya namba zinazowezekana kwenye M3W1. Baadaye jedwali likagoma. Mlalo wa 2 una nafasi mbili za 7. Wa 6 una tatu: W1, W5 na W8. Nihamie mnyororo wa XY, au nibahatishe tu?

Jibu: Usihame bado. Umekosea kwenye mlalo wa 6, na kosa hili naletewa kila mara: mtu anaona 7 mbili kwenye mlalo mmoja, anadhani kapata kiungo imara. Kiungo imara kinataka nafasi mbili tu, ili moja ikikosa 7, nyingine iwe nayo lazima. Hapa, 7 ikitoka W8 inaweza kukimbilia W5. M6W1 inabaki bila 7, na M3W1 uliyoifuta huenda ndiyo jibu.

Kushuka kutoka M2W8 hadi M6W8 hakuna ubaya, hata wima wa 8 ukiwa na 7 nne. Pale kiungo dhaifu kinatosha: moja ikiwa 7, nyingine haiwezi kuwa 7. Mnyororo huanza na huisha kwa kiungo imara, na dhaifu hukaa katikati.

Katika XY, kiungo imara ni chumba chenyewe, chenye namba mbili tu zinazowezekana. Mfano: M1W1 ina 2 na 5, M1W7 ina 5 na 8, M3W8 ina 8 na 2. Ncha zote zina 2, na moja wapo lazima iwe 2, basi futa 2 kwenye vyumba vinavyoonana na ncha zote mbili: M1W8, M1W9 na M3W1 hadi M3W3. Vyumba vya namba mbili vikiwa vingi, anza na XY. Vikiwa haba, rudi kwenye mnyororo wa namba moja. AIC (mnyororo wa viungo imara na dhaifu vinavyopokezana) huchanganya yote mawili. Lakini ukipenyeza chumba cha namba tatu kwenye XY, utaanguka vilevile.

Kuhusu kubahatisha: wapo wanaofundisha "jaza moja, ikigoma rudi" na kuuita huo mnyororo. Si kweli. Jedwali likijaa kwa bahati umepata jibu moja, ila hujaonyesha kwamba hakuna jingine, wala hujui kwa nini namba ile ilistahili pale. Programu zinazofuta namba kwa kubofya bila kutaja viungo zinalea uvivu huohuo.

Kabla ya kufuta chochote, hesabu upya nafasi za kila kiungo imara. Namba moja iliyofutwa kimakosa hugeuza nafasi tatu kuwa mbili, na hapo kila mnyororo unaofuata utaonekana sahihi.