Mama ametoka kwa daktari bila kuelewa

Dada, umesema mama yako ana saratani ya matiti, na huko kliniki Kisumu daktari alimweleza kwa Kiingereza dakika chache tu, akatoka akiamini amekatiwa tamaa. Poleni sana. Nilimuuguza shangazi yangu kwa ugonjwa huo huo, na kutoelezwa kulimuumiza kuliko sindano.

Mara nyingi si dharau, ni foleni. Hata hivyo mama ana haki: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, kadiri inavyowezekana. Kama ni Dholuo, ombeni muuguzi atafsiri. Usibebe kazi hiyo peke yako. Sisi watoto huyameza maneno mazito.

Andikeni maswali usiku wa kuamkia kliniki. La kwanza kabisa: dawa hizi ni za kuponya, au za kupunguza makali? Kisha ugonjwa uko hatua gani, kati ya 1 na 4. Halafu mama mwenyewe arudie alichosikia, kwa maneno yake, daktari akiwa bado mbele yake. Hapo ndipo tulipogundua shangazi alidhani "hatua ya 2" ni miezi miwili ya kuishi.