Mtoto yuko chuo kikuu cha Kikristo: familia isimame wapi?

Mzazi anayempeleka mtoto chuo kikuu cha Kikristo halipii masomo peke yake, analipia na usingizi wake mwenyewe. Kanisa lipo ndani ya uzio, kuna mchungaji, kuna kanuni za mavazi na saa za kurudi bwenini, basi mtu anashusha pumzi. Baada ya hapo wazazi wanagawanyika. Wapo wanaokabidhi mtoto na kunawa mikono, wakiamini malezi yamehamia chuoni. Wapo pia wanaomgeuza mchungaji, mlezi wa wanafunzi na hata mwenzake wa chumbani kuwa macho yao. Mimi ni mama wa watoto wawili waliosoma vyuo vya namna hiyo, mvulana kwa Waadventista Wasabato na binti kwa Wakatoliki, na sisi nyumbani ni Walutheri. Nilichokiona kwa wote wawili ni kwamba familia ina nafasi kubwa chuoni, ila mlango wa kuingilia ni mtoto mwenyewe. Ukipita nyuma yake utapata habari nyingi, na yeye ataacha kukusimulia.

Nianze na sheria, maana hapo ndipo wazazi wanapogombana na ofisi. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya wazazi, na lalamiko lililorudi kila kikao lilikuwa: ada nalipa mimi, matokeo naambiwa hayanihusu. Linauma, lakini ndivyo ilivyo sehemu nyingi. Marekani, kwa vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, sheria ya mwaka 1974 inahamisha haki ya kumbukumbu za masomo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapofikisha miaka 18, au anapoanza chuo hata kama hajafika umri huo. Chuo kinaweza kumpa mzazi taarifa ikiwa mtoto bado anahesabiwa tegemezi wake kwenye kodi, au kukiwa na dharura ya afya na usalama, ila hakilazimiki. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao 2019, Tanzania 2022. Zinatofautiana kwa mengi, lakini mtu mzima ndiye mwenye taarifa zake, na msalaba ulioko juu ya geti la chuo haubadilishi hilo.

Kwa hiyo ukitaka kuona matokeo, mwombe mtoto akuonyeshe. Usimwombe nywila ya mfumo wa matokeo. Nawajua wazazi wanaofungua mfumo huo usiku wa manane kabla mtoto hajaamka, asubuhi wanampigia kumuuliza kuhusu alama ambayo yeye mwenyewe hajaiona. Mtoto wa namna hiyo hujifunza haraka sana kukata mawasiliano, tena kwa adabu.

Wazazi wengi hawaoni kwamba kizuizi hiki ni cha upande mmoja. Chuo kinazuiwa kukupa habari. Wewe huzuiwi kukipa. Baba mkwe wangu alipougua vibaya, kijana wetu alikuwa anakaribia mitihani, na ndugu wakashauri tumfiche hadi amalize. Hii ya kuwaficha wanafunzi magonjwa na misiba siipendi hata kidogo. Mtoto anayerudi likizo na kukuta kaburi tayari hatakaa aamini tena neno «huku hatujambo». Tukamwambia ukweli, tukamuuliza kama tunaweza kumjulisha mchungaji wa chuo. Akakubali. Nikaandika ujumbe mfupi: nani anaumwa, kijana anafahamu, hatuombi ruhusa yoyote kwa niaba yake, tunaomba tu asiwe peke yake. Mchungaji alimtafuta baada ya ibada, wakakaa benchi la nyuma kabisa mpaka watu wote wametoka. Kijana akaamua mwenyewe: mitihani iliyobaki ataifanya, isipokuwa mmoja aliouandikia barua ya kuuahirisha. Barua aliiandika yeye, na sikuwahi kuiona.

Huo ndio mfano wa matumizi mazuri ya mchungaji au kasisi wa chuo. Matumizi mabaya ni kumpigia kuuliza kama mwanao anahudhuria ibada, ana rafiki gani, amekuja kuungama lini. Kwa kasisi Mkatoliki hilo la mwisho halina hata mjadala: kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema siri ya kitubio haivunjwi, awe anayeuliza ni mama mzazi au askofu. Wachungaji wa madhehebu mengine hawana kanuni hiyohiyo, lakini mchungaji wa chuo anayepeleka habari za wanafunzi kwa wazazi hudumu na kanisa tupu. Wanafunzi wanajuana, na habari hiyo inafika mabweni yote kabla ya chakula cha jioni.

Kanuni za maadili za chuo zisomeni pamoja kabla mtoto hajaweka sahihi. Namaanisha kuzisoma kweli, mstari kwa mstari, siyo kupitisha macho kwenye foleni ya usajili. Zitagusa pombe, mahusiano, kutembeleana mabwenini, mavazi na ibada za lazima. Vipo vyuo vinavyoandika mahudhurio ya ibada na kuwaita wasiofikisha kiwango. Muulize mtoto ipi itamshinda. Akikujibu kwa uwazi, usimkaripie, kwa sababu anayetia sahihi ni yeye na atakayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ni yeye.

Dhehebu la chuo likiwa tofauti na lenu, nyinyi pia mna kazi ya kujifunza. Kwa Waadventista, Sabato inaanza jua linapozama Ijumaa na kuisha jua linapozama Jumamosi. Muda huo hakuna darasa, hakuna mtihani, hakuna mhasibu. Familia inayofunga safari Jumamosi ikitaka kulipa ada, kubadilisha chumba na kumwona mlezi wa wanafunzi itakuta milango imefungwa na watu wote wako kanisani. Nendeni nanyi mkaabudu, mambo ya ofisi yatasubiri. Upande wa Wakatoliki, andaeni ndugu mapema kwa ajili ya Misa ya mahafali: kwa kawaida asiye Mkatoliki hapokei komunyo. Ukimwacha mjomba ajue hilo akiwa ameshasimama kwenye foleni, siku nzima itakuwa ya kulumbana juu ya nani kamnyima nani.

Walutheri wenzetu walituuliza kama binti hatalazimishwa kubadili dini. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, wa tarehe 15 Agosti 1990, unaagiza uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu, na kwa binti yetu ndivyo ilivyokuwa. Kilichotutikisa sisi ni kingine. Alirudi likizo akiwa amesoma kozi ya Biblia, na mezani akatuambia kwamba mistari ya mwisho ya Injili ya Marko, sura ya 16 kuanzia mstari wa 9, haimo katika nakala mbili kongwe zinazotegemewa sana, Sinaiticus na Vaticanus. Baba yake akaweka kijiko chini. Nikaona kabisa sentensi inayokuja: ndiyo elimu tuliyokulipia hii? Bahati nzuri aliinuka akachukua Biblia yake, akaifungua hapo, akakuta maelezo madogo chini ya ukurasa yanayosema jambo lilelile. Ameisoma Biblia ile miaka yote na hakuwahi kuyatazama. Mazungumzo yaliendelea mpaka vyombo vikakauka mezani.

Hapa ndipo chuo cha Kikristo kinapowashangaza wazazi kuliko cha serikali. Wanategemea imani ya mtoto itoke kama ilivyoingia. Lakini chuo kikuu ni chuo kikuu, na mwalimu mzuri wa teolojia atamuuliza mwanafunzi maswali ambayo mwalimu wa shule ya Jumapili hakuyauliza. Mtoto akija na swali, muulize amesoma nini, kisha kisome na wewe. Usikimbilie kumpigia mkuu wa kitivo. Na kama amekuja na mashaka mazito zaidi, kwamba hajui kama bado anaamini, nakushauri usimjibu usiku huohuo. Timotheo anaambiwa kuhusu imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani iliyokaa ndani ya watu haiondoki kwa sababu ya mhadhara mmoja, na mtoto anaiangalia kwenu kuliko anavyoisikia kwenu.

Kuhusu kutembelea, napenda sana mfano wa Hana. Samweli anakaa kwa kuhani Eli, na mama yake anamshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka baada ya mwaka, anapopanda na mumewe kutoa dhabihu (1 Samweli 2:19). Kila mwaka lazima alikadiria upya: mabega yameongezeka kiasi gani, mikono imerefuka kiasi gani. Hakwenda kila wiki kumkagua, lakini hakwenda na kanzu ya mwaka jana pia. Wazazi wengi tunampelekea mwanafunzi wa mwaka wa tatu maonyo yaliyomfaa wa mwaka wa kwanza. Siku za familia ambazo vyuo vingi hupanga, nendeni. Kaeni kwenye ibada aliyozoea kukaa, wafahamuni wenzake kwa majina, muacheni awatembeze na kuwaeleza. Notre Dame ya Marekani, iliyoanzishwa 1842, kila bweni lina kikanisa chake. Kwenye chuo cha namna hiyo, kusali na wanafunzi bwenini kutakufundisha mengi kuliko hotuba ya mkuu wa chuo. Halafu ondokeni siku hiyohiyo mliyosema mtaondoka.

Akishika sapu, yaani mtihani wa marudio, au akiitwa kwenye nidhamu, jambo la kwanza ni kujua tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, maana vyuo havisubiri familia imalize kikao. Barua aandike mwenyewe. Akitaka umsomee, msomee na umrekebishie lugha, lakini hoja ibaki yake. Akikuomba umsindikize, msindikize ukae kwenye benchi la nje. Wakikuita ndani, ingia. Wasipokuita, baki hapo. Kuhusu ada, nitasema kwa kifupi: kama mmeamua kulipa, lipeni. Kuitumia kama fimbo kila anapowaudhi kunamfanya ahesabu siku za kuwa mbali nanyi. (Na wale wanaopeleka binti chuo cha Kikristo ili apate mchumba aliyeokoka, waseme wazi, ili ajue anasomea nini.)

Yote niliyosema kuhusu kumpitia mtoto yanakoma penye hatari. Hapokei simu kwa siku kadhaa wala hajibu ujumbe, mwenzake wa chumbani amepiga akilia, au yeye mwenyewe ameanza kusema kwamba hakuna haja ya kuishi: hapo usisubiri ruhusa ya mtu. Piga simu kwa mlezi wa wanafunzi na walinzi wa chuo, uwaambie waende chumbani sasa hivi. Ukimpata kwenye simu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Na tafadhali, asiishie kuwekewa mikono tu. Maombi na mshauri nasaha havigombani, na vyuo vingi vya Kikristo vina vyote viwili. Nimekaa na wazazi waliomwambia mtoto mwenye msongo mkubwa kwamba amepungukiwa imani. Mtoto alinyamaza, wao wakadhani amepona. Namba ya mlezi wa wanafunzi, ya ulinzi, ya zahanati ya chuo na ya rafiki mmoja ziingize kwenye simu siku ya kwanza, na mtoto ajue unazo.

Kama mnaishi karibu na chuo, au hata kama hamko karibu, ipo nafasi moja ambayo familia nyingi haziifikirii. Kila likizo fupi wapo wanafunzi wasioweza kurudi kwao: nauli ni kubwa, au wametoka nchi nyingine, au kwao hakukaliki. Mabweni yanabaki na watu wachache, ibada zinasimama, na siku zinakuwa ndefu sana. Mwambie mwanao alete mmoja. Chuo kitaeleza utaratibu wake wa kuaga na kuandikisha anakokwenda, ufuateni. Mgeni apewe chumba chenye mlango unaofungika na apewe kazi ndogo za nyumbani kama wengine. Kwenye maombi ya jioni aalikwe, asilazimishwe. Vilevile asiulizwe habari za mwanenu, hata kama mnawashwa. Wa kwetu wa kwanza alikuwa kijana mkimya aliyelala karibu siku mbili nzima, halafu akaamka akauliza kama kuna nguo za kupiga pasi.