Rear Window ya 1954: PG yake inamfaa mtoto wa umri gani?

Marekani filamu hii ina daraja la PG (Parental Guidance, yaani mzazi aongoze), na Uingereza vilevile. Mzazi akiziona herufi hizo kwenye jalada la DVD huridhika upesi: filamu ya zamani, haina matusi, haina damu, basi watoto wote wakae watazame. Ushauri wetu ni kwamba umri wake mzuri wa kuanzia ni miaka 11 au 12, mtu mzima akiwa chumbani. Chini ya miaka 9 isubiri kwanza. Vitu viwili ndivyo vya kuangaliwa kuliko vyote, mbwa na vidonge, na hakuna hata kimoja kinachotajwa na herufi hizo.

Tuanze na herufi zenyewe, maana zina historia inayopotosha. Filamu ilipotoka mwaka 1954, Marekani haikuwa na madaraja ya umri kabisa. Kulikuwa na kanuni moja ya maadili kwa filamu zote: inayopita hupata muhuri na kuonyeshwa kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Madaraja yalianza tarehe 1 Novemba 1968. Rear Window ilikuwa imeondolewa kwenye mzunguko kwa miaka mingi, ikarudi kumbi za sinema mwaka 1983, na hapo ndipo ilipopewa PG. Sasa tazama kalenda: PG-13, inayowatahadharisha zaidi wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, ilianza Julai 1984. Kwa hiyo aliyeipima filamu hii hakuwa na ngazi ya katikati. Ngazi iliyofuata juu ya PG ilikuwa R, ambayo mtoto haingii bila mtu mzima, na kuipa R filamu isiyo na tone la damu kusingekuwa haki. PG ya mwaka ule ilibeba filamu nyingi ambazo leo zingepanda ngazi moja juu.

PG ya Uingereza ni ya mfumo mwingine. Ilianza mwaka 1982, na maana yake kwa sasa ni kwamba filamu isimtie wasiwasi mtoto wa miaka 8 hivi na kuendelea, ingawa mzazi anashauriwa kumwangalia mtoto mwenye moyo mwepesi. Kenya nayo ina GE (ya watu wote), PG, 16 na 18. Kati ya PG na 16 hakuna kitu, na pengo hilo ni pana. Ndiyo maana daraja tupu halitoshi kukupa jibu. Jibu liko ndani ya filamu, na hatuwezi kulitoa bila kufichua hadithi. Kama wewe mwenyewe hujaiona na unapenda kubahatisha mwuaji, itazame kwanza peke yako. Ni dakika 112.

Tahadhari kuhusu dakika: DVD nyingi za Ulaya huenda kasi kidogo, picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu hiyohiyo huisha kama dakika nne mapema. Orodha zinazosema "ruka kuanzia dakika fulani" hukosea kwa sababu hiyo, na zaidi pale matangazo yanapoingizwa katikati. Hapa tunatumia dalili za kwenye hadithi.

Mpiga picha wa magazeti, Jeff (James Stewart), amevunjika mguu. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, kwenye chumba chake huko Greenwich Village, New York, joto ni kali na kila mtu amefungua madirisha. Kazi yake mchana na usiku ni kuwachungulia majirani wa upande wa pili wa ua. Aliyekulia nyumba ya kupanga yenye ua mmoja hahitaji kuelezwa hali hiyo: nani kagombana na nani, nani kapika nini, nani hajaonekana tangu juzi. Jeff anamshuku jirani mmoja, mfanyabiashara aitwaye Thorwald, kwamba amemuua mkewe aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mchumba wake Lisa (Grace Kelly) na muuguzi Stella (Thelma Ritter) hawamwamini mwanzoni, kisha wanaingia kwenye upelelezi wenyewe.

Mauaji hayaonyeshwi. Usiku unasikika ukelele wa mwanamke na kitu cha kioo kinavunjika, basi. Baadaye kwenye mvua mwanamume anatoka na kurudi mara kadhaa na sanduku lake la bidhaa. Kesho yake anafunga kisu kikubwa na msumeno kwenye gazeti, na sanduku la safari linakazwa kwa kamba nene. Mtoto wa miaka 7 anaweza kupita hapo bila kujua lolote. Wa miaka 10 ataunganisha mambo mwenyewe, na hapo ndipo hofu inapoingia, kwa kuwa picha anayoichora kichwani ni mbaya kuliko ambayo ingeonyeshwa. Stella anamsaidia kuichora: wakati wa kifungua kinywa anasema wazi kwamba lazima mwili umekatiwa kwenye bafu, kwa maana ni huko tu damu ingeoshwa. Ni mzaha wa muuguzi aliyeona mengi, lakini mtoto haupokei kama mzaha. Mwishoni kabisa kuna maneno mengine ya aina hiyo, kuhusu kitu kilichofukiwa kwenye bustani ya maua kisha kikahamishiwa kwenye boksi la kofia. Hakuna kinachoonyeshwa.

Sasa mbwa. Wanandoa wa ghorofa ya juu, wanaolala nje kwenye ngazi za dharura kwa sababu ya joto, wana mbwa mdogo wanayemteremsha uani kwa kikapu cha kamba. Anapendeza, na watoto humpenda tangu mara ya kwanza. Anafukuafukua kwenye maua. Kisha usiku mmoja, baada ya Lisa kuonyesha vazi lake la kulalia, kunasikika mayowe: mbwa amekufa, amenyongwa na kuvunjwa shingo. Mwili unaonekana kwa mbali ukilala chini, halafu unavutwa juu ndani ya kikapu kilekile. Mwenye mbwa analia kwa sauti, anawauliza majirani wote waliotoka madirishani ni nani kati yao amefanya hivyo, na kwa nini hakuna anayemjali mwenzake. Hii ndiyo sehemu inayowaliza watoto, kuliko mauaji ya mke. Mke hatukumjua, mbwa tulimjua. Kama nyumbani kuna mnyama aliyekufa karibuni, ahirisha filamu nzima, kwa kuwa tukio hili haliwezi kurukwa: ndilo linalothibitisha kwamba Thorwald ana jambo.

La pili, ambalo wazazi wengi hawalioni hadi limefika, ni yule jirani wa chini anayepewa jina la utani la Miss Lonelyhearts, mwanamke mpweke wa makamo. Mwanzoni anaandaa meza ya watu wawili, anajifanya kumpokea mgeni asiyekuwepo, kisha anajiinamia na kulia. Baadaye analeta kijana ambaye anamkumbatia kwa nguvu hadi mwanamke yule anampiga kofi na kumfukuza. Karibu na mwisho anaweka vidonge vingi mezani na kuandika barua. Stella anaona, anaelewa, anataka polisi waitwe. Muziki kutoka kwa jirani mwingine unamfanya mwanamke yule asimame na kusikiliza, na anabaki hai. Neno kujiua halihitaji kutamkwa ili kijana wa miaka 13 aelewe. Kwa familia iliyoguswa na msiba wa namna hiyo, au yenye kijana aliye katika huzuni nzito, huu ndio ukurasa wa kuusoma kabla ya kuwasha runinga. Kwa wengine ni nafasi njema ya mazungumzo, kwa sababu filamu inamtazama kwa huruma.

Mambo ya mapenzi ni mepesi kwa macho, mazito kidogo kwa maana. Msichana mcheza dansi anafanya mazoezi akiwa na nguo chache na mara moja anaonekana mgongo wazi. Maharusi wapya wanashusha pazia, na bwana harusi akitokea dirishani kupumua anaitwa tena ndani. Watu wazima watacheka, watoto wadogo watauliza. Lisa anakuja kulala kwa mchumba wake na mkoba mdogo wenye vazi la kulalia. Hakuna tendo lolote linaloonyeshwa zaidi ya mabusu. Sigara na pombe zipo muda wote: mvinyo, brandi, na mtunzi wa nyimbo anayerudi kwake amelewa. Matusi hakuna.

Robo ya mwisho ndiyo ya mapigo ya moyo. Lisa anapanda na kuingia kwa Thorwald dirishani. Thorwald anarudi. Jeff, upande wa pili wa ua, hawezi kusogea wala kusaidia. Tunamwona Lisa akikamatwa na kutikiswa, akiita jina la Jeff, na taa inazimwa. Polisi wanafika. Lisa anamwonyesha Jeff pete ya ndoa ya mke wa Thorwald kwa mkono ulio nyuma ya mgongo, na Thorwald anagundua anachofanya, anainua macho na kutazama moja kwa moja kwetu. Hakuna kelele, hakuna muziki wa kutisha, lakini mtoto anayezubaa hushtuka hapo. Muda mfupi baadaye Thorwald anaingia chumbani kwa Jeff gizani. Jeff anajikinga kwa balbu za kamera, moja baada ya nyingine, na kila ikiwaka skrini inajaa wekundu. Mwenye shida na mwanga wa ghafla ageuze uso kwa dakika hiyo. Kisha mapambano, Jeff ananing'inia dirishani na kuanguka. Anapona, na sasa miguu yote miwili iko kwenye plasta. Mwambie hilo mapema mtoto mwenye wasiwasi: Jeff hafi, Lisa hafi. Hakuna utamu unaopotea.

Kwa umri, basi: chini ya miaka 9, hapana, na sababu ya kwanza si hofu bali uvivu wa hadithi. Saa nzima ya mwanzo ni mazungumzo na kuchungulia. Mtoto atachoka, atatoka, na atarudi chumbani sawasawa na wakati wa mbwa. Miaka 9 na 10, kwa mtoto aliyezoea hadithi za upelelezi tu, na mzazi aketi naye mwanzo hadi mwisho. Miaka 11 hadi 13 ndiyo yenyewe. Kuanzia 14 wanaweza kuitazama wenyewe, ila tungependa usiwaachie ile habari ya vidonge bila neno.

Kabla ya kuanza, mwambie mtoto mambo matatu tu: mbwa mmoja atauawa, kuna mama mpweke atakayekuwa na huzuni kubwa, na wawili tunaowapenda watatoka salama. Usimwambie kama Thorwald ana hatia. Nusu ya filamu ni kutojua. Washa maandishi ya chini ya skrini, kwani Stella anasema haraka. Asiyejua Kiingereza vizuri ataifuata zaidi ya anavyotarajia, maana mengi yanaelezwa kwa tunayoyaona dirishani. Pumzikeni baada ya mwenye mbwa kulia, si kabla, ili mtoto asikae na jambo bila kuuliza.

Swali zuri la kumuuliza baadaye ni hili: Jeff alikuwa na haki ya kuchungulia? Stella anamkumbusha mapema kwamba New York adhabu ya wachunguliaji ni miezi sita. Lakini bila uchunguliaji wake muuaji angekimbia. Kijana mwenye simu yenye kamera, anayeweza kumrekodi jirani na kumsambaza kwenye kundi la WhatsApp kabla ya magharibi, atakuwa na la kusema. Lingine ni namna Jeff anavyomdharau Lisa kwa kuwa anapenda nguo nzuri, hadi pale anapomwona akipanda ukuta. Wasichana huliona hilo mapema kuliko wavulana.

Ukiipata, hakikisha ni ya 1954 yenye majina ya Stewart na Kelly. Ipo nyingine ya runinga ya 1998 yenye jina hilohilo. Na zima kitufe cha kuendeleza filamu inayofuata yenyewe. Programu hupenda kuleta nyingine ya mwongozaji huyohuyo, Alfred Hitchcock, na haziko daraja moja: Psycho ya 1960 ni R Marekani na 15 Uingereza, The Birds ya 1963 ni PG-13 na 15. Mtoto wa miaka 11 aliyefurahia hii mpe North by Northwest ya 1959, ambayo Uingereza ni PG na ina mbio nyingi zaidi kuliko giza.