Maabara au Kompyuta: Je, Ni Lazima Nichague?

SWALI: Ndugu mshauri, nina shahada ya sayansi ya maabara ya tiba na nimefanya kazi hospitalini kwa miaka minne. Jioni hujifunza kuandika programu, na sasa natamani kuwa mtafiti anayeziunganisha fani hizi mbili. Wenzangu wanasema nimechelewa, na kwamba nisipoanza upya na shahada ya sayansi ya kompyuta hakuna atakayenipokea. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na ningesikitika sana kama ungeihesabu miaka hiyo minne kuwa hasara. Utafiti wa aina hii unawahitaji mno watu wanaojua namba zilizomo katika jalada la mgonjwa zilifikaje humo.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani waliifundisha kompyuta kukadiria ni wagonjwa gani wa nimonia walio katika hatari kubwa ya kufa, ili wenye hatari ndogo watibiwe bila kulazwa. Kanuni mojawapo iliyojitokeza ilidai kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo zaidi. Hesabu haikuwa na kosa, lakini kuifuata kungeua watu: wenye pumu walipona kwa wingi kwa sababu madaktari, wakijua hatari yao, waliwapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Mtu wa hesabu pekee angeweza kulipita jambo hilo. Aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa pumu angeshtuka papo hapo.

Wewe nawe unayo maarifa ya namna hiyo. Unajua kwamba potasiamu inaweza kuonekana imepanda kwa sababu tu chembe nyekundu za damu zimepasuka ndani ya sampuli, na kwamba majibu yanaweza kubadilika siku mashine inapobadilishwa, ingawa wagonjwa ni walewale.

Unachopaswa kukitilia mkazo sasa, kwa maoni yangu, ni takwimu, hata kabla ya kuongeza lugha nyingine ya programu. Python au R, mojawapo, inatosha kuanzia. Kisha tafuta shahada ya uzamili ya infomatiki ya afya, inayoshughulikia kumbukumbu za wagonjwa, au ya bioinfomatiki, inayochambua jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyoandikwa katika DNA, ambayo kwa binadamu yana herufi zipatazo bilioni 3. Programu nyingi za masomo haya huwapokea wahitimu wa fani za afya. Ukifika kwenye uzamivu, omba wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande.

Usiguse taarifa za wagonjwa wa hospitali yako kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili. Kufuta majina hakutoshi, kwani tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuishi vikiwekwa pamoja huweza kumtambulisha mtu.

Suala la sampuli zenye chembe zilizopasuka, na jinsi kompyuta inavyoweza kuzibaini, linatosha kuwa andiko lako la kwanza la utafiti. Anza kuliandika kabla ya kuomba nafasi, maana msimamizi atataka kwanza kujua unatafuta nini.