Mwanangu, hela iliyoliwa usiikimbilie

Katonga, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa saa tisa usiku nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Mama, nikikopa laki mbili, mkeka mmoja wa mechi ukatiki, nikalipa madeni yote halafu nikaacha kubeti, ubaya uko wapi?"

Uko kwenye huo mkopo, mwanangu. Hela ya kwanza uliiweka kwa kupenda mpira. Hii unataka kuiweka ili uirudishe ile, na hapo ndipo nimewaona vijana wengi wa huku mwaloni wakizama. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, mitumbwi ililala. Mwenye akiba alivuka. Aliyeitia akiba yake kwenye mikeka alikuja kwangu kukopa unga, na bado jioni nikamkuta amejazana na wenzake kwenye kibanda cha kubeti.

Nilimwomba mdogo wako anipigie hesabu. Mkeka wa timu kumi, kila moja ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda: zote kumi kushinda pamoja hazifiki nafasi 3 kwa 100. Na odi, yaani kiasi unacholipwa ukishinda, hupangwa faida ya kampuni ikiwa imeshatengwa. Mechi ya kesho haijui kwamba jana uliliwa, baba. Haina deni nawe.

Usijione mjinga. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kundi moja na ulevi, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Ni ugonjwa, na una tiba. Nenda hospitali ukaulize kitengo cha afya ya akili, useme ukweli wote, hata wa kutolala. Na kama umewahi kuwaza heri ufe, nipigie leo. Hilo linatangulia hela.

Sasa madeni. Niandikie kila moja: ya simu, ya rafiki, ya kausha damu. Usifiche hata la elfu tano. Nitaanza na kausha damu kwa sababu riba yake hailali, na nitamtumia mdai mwenyewe, si wewe. Usikasirike, hela mkononi mwako kwa sasa ni mtihani, na sitaki nikuongezee.

Dagaa wa jana wamekauka vizuri. Mnunuzi anakuja Alhamisi, kwa hiyo orodha hiyo niipate kabla.

Mama yako