Soma karatasi ya rufaa, kisha mpapase mgonjwa

Ninyi mnaokwenda kuripoti vituo vya afya vya mbali, kisomeni kisa cha Ephraim McDowell, daktari wa Danville, Kentucky, enzi ambazo magharibi ya Marekani walowezi ndio kwanza wanaingia na daktari humfuata mgonjwa kwa farasi.

Desemba 1809 aliitwa kwa Jane Todd Crawford, maili 60 kutoka kwake, karibu kilomita 100. Madaktari wawili walishaamua: mimba imetimia, njoo utusaidie kuzalisha. Aliyekaa juu ya farasi umbali huo ana kila sababu ya kufanya alichoitiwa na kurudi. Yeye alianza upya. Kupapasa tumbo, uvimbe umelalia upande mmoja na unasukumika hadi wa pili. Kupima ukeni, kizazi kitupu. Basi ni uvimbe wa ovari, kifuko cha mayai ya mwanamke. Vidole tu, hakuna kipimo kingine. Wengi wenu, niwaambie ukweli, mnanakili alichoandika mwenzenu kabla mgonjwa hajapanda kitandani.

Kisha akamweleza mama bila kupambapamba: hali ni ya hatari, na upasuaji wa kutoa uvimbe wa namna hii sijawahi hata kusikia umefaulu. Mama akakubali. Sharti lilikuwa aje Danville, naye akaja, siku kadhaa juu ya farasi, uvimbe ukiegemea pembe ya tandiko hadi tumbo likachubuka. Kwa hiyo unapoandika rufaa, uliza mgonjwa atapanda nini na atakaaje njiani. Wengi hawaulizi.

Alipasuliwa mezani kwa dakika kama 25, macho wazi, maana etha, dawa ya usingizi, ilikuja miaka ya 1840. Uvimbe ulipita kilo 10. Siku ya tano daktari akamkuta anatandika kitanda. Baada ya siku 25 akarudi kwao. Alifariki mwaka 1842.

Ila taarifa ya kisa hiki McDowell aliichapisha mwaka 1817, fupi mno, na wakubwa wa fani wakaitilia shaka. Andikeni siku ileile, kwa kirefu.

Na msiishie kwenye kisa cha kwanza. Viwili vinavyofuata katika taarifa hiyo ni vya wanawake weusi wasiotajwa majina, katika jimbo ambalo utumwa ulikuwa halali. Ridhaa ya Crawford tunaweza kuisifu. Ya hao wawili isomeni kwa jicho jingine.