Mahari Imelipwa; Je, Bado Niko Huru?

Binti wa miaka 24 kutoka Masasi ameniandikia kwamba mchumba wake, aliyekamilisha mahari baada ya mauzo ya korosho, sasa anataka walale pamoja kabla ya ndoa kwa kuwa wazee wa pande zote mbili wamekwisha kukubaliana. Shoga zake wanamwambia kuwa Kanisa Katoliki limemnyima uhuru wa mwili wake. Yeye anataka kungoja, lakini anauliza: "Shangazi, nitajuaje kama ninangoja kwa imani au kwa woga tu?"

Mwanangu, swali lako ni zito kuliko madai ya mchumba wako na maneno ya shoga zako. Mahari ni heshima kwa wazazi waliokulea. Haikuununua mwili wako, wala hakuna mzee wa ukoo awezaye kuridhia kwa niaba yako. Ndiyo maana padre, kabla hajapokea ahadi zenu, huwauliza kama mmekuja kwa hiari bila kushurutishwa, na kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje ni batili. Yule anayekushinikiza leo anaidhoofisha hiari ileile atakayoihitaji kwako siku ya ndoa.

Kuhusu woga, nikuambie waziwazi: kumtamani mchumba wako si uchafu, na kungoja kwa kuogopa tu maneno ya watu wa parokia bado si uhuru. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba hadhi ya mtu humtaka atende kwa kuchagua mwenyewe, akisukumwa kutoka ndani, si kwa msukumo wa upofu wala kwa shinikizo la nje. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika katekesi zake, yaani mafundisho ya imani, za kila Jumatano alizozianza mwaka 1979, alieleza kwamba mwili huzungumza lugha ya kujitoa mzima kwa mwenzi, na kwamba mtu asiyejimiliki hawezi kujitoa. Basi jiulize kama ungengoja hata pale ambapo hakuna mtu angejua. Ukijibu ndiyo, unangoja kwa imani. Ukisita, usijihukumu; omba, na uzungumze na mama mwenye hekima katika jumuiya yenu. Somo wa unyago alikufunza kumtunza mume, na mafunzo hayo nayathamini, lakini asiyatumie mtu kukunyamazisha.

Zungumza na mchumba wako mchana, kwa utulivu, kabla matangazo ya ndoa hayajaanza kusomwa kanisani. Akikasirika na kutishia kudai mahari yake, mweleze baba yako na paroko mapema. Uchumba unaweza kuvunjwa, na wazee wakakaa kuzungumza juu ya mahari, bila wewe kuwa umetenda kosa lolote.